Tafuta jembe kwanza: namna ya kuisikiliza Human ya Death ukiwa mgeni

Mtu wa Mwanza akiwekewa metali kali, ule muziki wa gitaa zinazokwaruza na dramu za kasi, kwa mara ya kwanza, hukumu haichukui hata nusu dakika: "Hizi kelele." Mara nyingi ana haki, maana kilichomfikia kweli kilikuwa kelele. Sabufa ilishameza ngoma, simu ilichanganya nyimbo, na sikio lake likakimbilia kwa mwimbaji, mahali pagumu kuliko pote pa kuanzia. Hapa naeleza kwa kutumia albamu moja tu, Human ya bendi ya Death. Ni fupi, nyimbo 8 zisizofika dakika 35, na ndani yake kuna karibu kila kitu kinachomshinda mgeni.

Kwa ufupi: Death ilikuwa bendi ya Florida, Marekani, chini ya Chuck Schuldiner, mpiga gitaa na mwimbaji aliyefariki Desemba 2001. Ilitoa albamu 7 za studio kati ya 1987 na 1998. Human ni ya nne, ya mwaka 1991, na ilirekodiwa Morrisound, Tampa. Schuldiner aliingia studio na kikosi kipya: Sean Reinert kwenye dramu, Paul Masvidal kwenye gitaa la pili, Steve DiGiorgio kwenye besi. Reinert na Masvidal walitoka bendi ya Cynic na walikuwa na sikio la jazi. Ndiyo maana albamu hii ina nafasi za kupumua ambazo wenzake wengi wa miaka ile hawakuwa nazo.

Sasa vyombo, na hapa sitaharakisha.

Mpiga dramu wa metali hupiga kiki, ile dramu kubwa inayokaa chini, kwa miguu miwili. Kwenye mwendo wa mapigo 180 kwa dakika, akigawa kila pigo mara nne, hiyo ni kiki 12 kwa sekunde moja. Kati ya kiki na kiki panabaki muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Sabufa ya mtaani, ile ya boksi la mbao lenye tundu, haiwezi kunyamaza haraka hivyo: kiki ya kwanza bado inanguruma, ya pili imeshafika, ya tatu ipo mlangoni. Matokeo yake ni mvumo mmoja kama lori linalopanda mlima. Ukizidisha besi unazidisha ugonjwa. Rudisha kitufe cha besi chini ya nusu, kisha pandisha trebo, kitufe cha sauti nyembamba, kidogo. Inaonekana kinyume, lakini kinachoitambulisha kiki kwenye muziki huu ni ule mlio mkavu wa nyundo ikigusa ngozi, "tk", nao unakaa juu kabisa, mbali na eneo la besi. Kwenye simu, zima kila kitu kinachodai kuongeza besi.

Jambo la pili ni masikio mawili. Gitaa za mdundo kwenye metali kwa kawaida hurekodiwa zaidi ya mara moja, moja ikawekwa kushoto na nyingine kulia, zote zikipiga kipande kilekile. Aliyezoea muziki wa dansi anategemea solo na ridhimu zikijibizana. Hapa zinatembea bega kwa bega, na ukuta ule wa sauti unatokana na tofauti ndogondogo za mikono. Spika moja ya bluetooth inauangusha ukuta huo katikati. Mkigawana hedifoni, wewe sikio moja na rafiki yako la pili, kila mmoja wenu anasikiliza nusu ya albamu. Hedifoni ya waya ya bei ya kawaida, ikikaa vizuri sikioni, inatosha kabisa.

Tatu, faili. Likibanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde, albamu nzima ni kama MB 33, na matoazi yanageuka kuwa maji yanayochuruzika. Kwa kilobiti 320 ni kama MB 82. Bando litauma kidogo, lakini hapa ndipo pa kutumia.

Mahali nako kuna hesabu yake. Injini ya kivuko cha Kamanga inavuma chini, kwa hiyo inafunika kiki na besi, huku matoazi yakikufikia vizuri. Mvua kwenye bati ni kinyume: inafunika matoazi na kukuachia besi. Daladala inafunika vyote. Usijaribu kushindana nayo kwa kupandisha sauti, kwani Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 100 kwa dakika 20 tu. Asubuhi na mapema ndani, kabla bodaboda hazijaamka, ndiyo saa nzuri.

Sasa ngoma yenyewe. Anayejua bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe mkononi, ana faida kubwa hapa. Ngoma zinakimbia, lakini mwenye jembe hafuati kila pigo; anafuata lile linalompandishia jembe na lile linalolishusha. Waangalie wachezaji kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, siku za sherehe ya Bulabo: mikono yao ina mwendo wa taratibu juu ya ngoma zenye haraka. Kwenye metali tafuta jembe hilo. Mara nyingi ni snea, dramu ndogo yenye ule mlio wa "pa" unaorudi kwa nafasi sawa. Tikisa kichwa kwa huo, kiki uziache zikimbie chini kivyake. Snea nayo ikianza kumiminika kama mvua ya mawe, iache, uhamie kwenye gitaa: kila linapobadili sauti, hapo ndipo jembe lilipo.

Wapenzi wa singeli huwa hawatishwi na kasi, kwa kuwa mapigo 200 na zaidi ni chakula chao cha kila siku. Kinachowakwaza ni kigeugeu. Singeli ikishika mwendo haiachii, wakati Death hubadili mwendo mara kadhaa ndani ya wimbo wa dakika nne. Usihesabu. Subiri kipande cha gitaa, wenyewe huita rifu, kirudi. Kwa kawaida hurudi mara mbili au nne kabla ya kuachwa. Ukikitambua kinaporudi, umeshaingia.

Mpangilio wangu si ule wa jalada. Anza na wimbo wa 7, Cosmic Sea, ambao hauna mwimbaji hata kidogo. Usikilize mara mbili, mara ya pili ukiwa na masikio kwa Reinert peke yake, hasa mkono unaocheza na matoazi. Kisha nenda wimbo wa 5, Lack of Comprehension, unaofungua kwa gitaa safi lisilokwaruza kabla ya mlango kupigwa teke. Pumzika. Siku inayofuata ndipo uanze wimbo wa 1 hadi wa 8 bila kukatisha, na uhakikishe programu haichanganyi nyimbo, maana baadhi za bure huweza kufanya hivyo bila kuuliza. Kuchoka dakika ya ishirini ni kawaida: gitaa lenye mkwaruzo hujaza eneo lilelile ambalo sikio ni jepesi zaidi, bila kulipumzisha. Simamisha, endelea baadaye.

Sauti ya Schuldiner iwe ya mwisho. Kwanza ichukulie kama ngoma nyingine, sikiliza inapoangukia dhidi ya snea. Baadaye ndipo uwe na maneno mbele yako; yeye hutamka vizuri kuliko wengi wa fani yake, na ukisoma mara moja utashangaa ulivyokuwa huyasikii. Nyumbani watauliza kuhusu jina la bendi, na swali ni la haki. Jibu lipo kwenye mashairi: hapa alishaacha damu na maiti za albamu ya kwanza, akaandika juu ya akili inayokufa ganzi, mapacha walioungana, na mgonjwa anayeomba aruhusiwe kufa. Ni mazito, ila hayaabudu kitu.

Kuhusu matoleo, lile la mwaka 2011 lilichanganywa upya, na besi ya DiGiorgio, iliyozama mwaka 1991, inasikika. Kwa mgeni ndilo ninalopendelea, ingawa wazee wa fani watanuna. Lina nyongeza nyingi za majaribio; ukimaliza Vacant Planets, zima. Kutoka hapo nenda Individual Thought Patterns ya 1993, kisha ndiyo urudi nyuma hadi Leprosy ya 1988. Ukianzia huko nyuma, utarudi kwenye neno "kelele".