Neno ambatani la Kiholanzi: linaungwaje na linakatwa wapi

Arbeidsongeschiktheidsverzekering. Herufi 33, na ni neno la kawaida kabisa katika makaratasi ya bima Uholanzi. Anayeanza Kiholanzi huliona kama ukuta, kumbe kinachotakiwa ni kulianzia mwishoni. Verzekering ni bima. Ongeschiktheid ni hali ya kutofaa, na arbeid ni kazi. Basi ni bima ya asiyeweza tena kufanya kazi.

Hilo ndilo neno ambatani: maneno mawili, matatu au zaidi yaliyoandikwa pamoja yakawa nomino moja. Sisi husema "bima ya", "nyumba ya", na kitu chenyewe tunakitaja kwanza. Mholanzi hukiweka mwisho. Ziekenhuis, yaani hospitali, ni "wagonjwa-nyumba". Handschoen, glavu, ni "mkono-kiatu". La mwisho ndilo linalotawala: huis hutanguliwa na kibainishi het (kama "the" ya Kiingereza), kwa hiyo ziekenhuis nalo hutanguliwa na het.

Katikati mara nyingi hupenya gundi ndogo, kama -s- au -en-. Hapa ndipo wenyewe hubishana. Tangu mageuzi ya tahajia ya 1995, chapati ya maji huandikwa pannenkoek, kwa n ya wingi (pannen ni vikaango), lakini mwanga wa jua hubaki zonneschijn, bila n, kwa sababu jua ni moja tu! Nafasi nayo si ya kuchezea. Rodewijnglazen ni glasi za divai nyekundu. Rode wijnglazen ni glasi za divai zilizo nyekundu zenyewe.

Sasa silabi. Kwetu ni rahisi, ki-ta-bu, karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kwa Mholanzi silabi ndiyo inayoamua tahajia. Mwezi wa angani ni maan, a mbili, kwa kuwa silabi imefungwa na n. Ikiwa miezi, manen, hukatwa ma-nen. Silabi imebaki wazi, a moja inatosha kuvutwa. Mwanamume ni man, wanaume ni mannen, man-nen: n ya pili imewekwa ili a isivutwe.

Kwa kawaida konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na silabi inayofuata, kama wa-ter, maji. Lakini ndani ya neno ambatani, kiungo hutangulia kanuni hiyo. Avondeten, chakula cha jioni, hukatwa avond-eten, kamwe si avon-deten.

Ukikosea kiungo, umepata neno jingine. Valkuil ni val-kuil, shimo la mtego. Likate valk-uil upate kozi-bundi, yaani ndege. Massagebed ni kitanda cha kukandia mwili, massage-bed. Mstari ukiishia kwenye massa-, msomaji atatarajia gebed, sala, na kwa kuwa massa ni umati, atadhani umati umekusanyika kuomba.