Shawa ya umeme Dodoma: uliza maji kabla ya wati

Juni na Julai, maji ya simtanki lililolala nje usiku kucha hayaogeki alfajiri, na wengi hukimbilia dukani kununua shawa ya kupasha maji. Dukani huulizwa wati na bei. Kwa Dodoma, swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: maji ya kwako yana chumvi kiasi gani?

Shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi, yaani maji yanapita moja kwa moja juu ya waya wenye umeme. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kidogo sana. Maji ya kisima chenye chumvi hupitisha zaidi, na umeme huo hutafuta njia kupitia maji na mabomba ya chuma. Ndiyo maana mtu akigusa bomba la shawa anahisi vidole vinatekenywa. Hiyo si hali ya kuzoea. Ni umeme unavuja. Ukitumia kisima cha chumvi, nunua shawa ambayo koili yake imefunikwa ndani ya kijibomba cha chuma. Kwenye boksi huandikwa kwamba inafaa kwa maji ya chumvi. Ni ghali zaidi, na hapa si pa kubana matumizi. Chumvi utaijua kwa ulimi. Chokaa, ambayo huziba matundu ya shawa, itazame ndani ya birika la umeme, ule ukoko mweupe uliogandia chini.

Tukija kwenye umeme wenyewe: shawa ya wati 5,500 kwa volti 220 inakula ampea 25. Waya wa 1.5 mm wa taa hauwezi mzigo huo, na ule wa 2.5 mm wa soketi usiujaribu. Itolewe laini yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, waya wa 4 mm, au 6 mm kama bafu liko mbali, breka ya ampea 32, na swichi kubwa ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, ikae nje ya bafu. Maungio ya shawa yafanywe kwa konekta ya kauri. Kusokota nyaya na kuzizungushia tepu nyeusi ndiko kunakoleta ile harufu ya plastiki kuungua baada ya miezi michache: muungo uliolegea hupata joto, joto huulegeza zaidi, mwishowe unayeyuka.

Kuhusu eathi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, wengi huamini fimbo yake ikishachimbiwa kazi imekwisha. Udongo wa Dodoma hukauka kwa miezi mingi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Chukulia eathi yako ina ukinzani wa omu 100. Waya wa moto ukigusa chuma, volti 220 zitasukuma ampea 2.2 tu kwenda ardhini. Breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo, na chuma kitabaki na umeme kikimsubiri mwogaji. Kinachookoa ni kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, kinachofungwa pamoja na breka. Kikikata kila ukifungua maji, usimruhusu fundi akiruke, yaani aunge nyaya bila kukipitia. Huenda ni koili ya wazi inayovujisha kwenye maji ya chumvi, na dawa yake ni kubadili shawa. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Sasa matumizi. Shawa haina akili ya kupima joto. Inachoma wati zilezile, na joto hutegemea wingi wa maji. Maji ya nyuzi 18 yakipita lita 4 kwa dakika hutoka na nyuzi 38 hivi. Ukifungulia hadi lita 6, yanatoka na nyuzi 31, ambayo ni uvuguvugu tu. Kwa hiyo yakiwa baridi, punguza bomba kidogo kabla ya kulaumu shawa. Jioni umeme ukishuka hadi volti 190, nguvu ya shawa inabaki robo tatu ya kawaida. Nayo shinikizo ina kiwango chake cha chini: kitako cha tanki kiwe juu ya shawa kwa mita moja walau, la sivyo kiwambo cha ndani kinachowasha koili hakinyanyuki vizuri na shawa huwaka na kuzima ovyo.

Kuoga dakika 10 ni uniti 0.9. Watu watano kila siku, ni karibu uniti 137 kwa mwezi. Aliyekuwa kwenye kundi la TANESCO la bei nafuu, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anaweza kutolewa humo, na akitolewa uniti zote atazinunua kwa bei ya juu.

Kila mwezi, au mapema zaidi maji yakiwa ya chokaa, zima swichi, fungua kisahani cha matundu, kiloweke saa moja kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Matundu yakiziba, maji hupungua na koili hupata joto kupita kiasi.

Koili ikikatika, usiiunge. Iliyofupishwa huvuta umeme mwingi zaidi. Nunua ya modeli na wati zilezile, na uzime breka kabla ya kufungua chochote. Ukishaifunga, weka kitufe kwenye baridi, fungulia maji kama dakika moja mpaka chombo kijae, ndipo uwashe breka. Koili mpya nyingi huungua hapa, katika sekunde chache za kwanza, kwa sababu ziliwashwa zikiwa kavu.