Kisu Kigumu, Kisu Shupavu: Tunachokosea Tunapojaribu Visu

Kwenye mabanda ya wahunzi utamwona mnunuzi akikipiga kisu kwa ukucha, kisha anakitegea sikio. Kikilia ngii, analipa. Lakini rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni shuleni iwe kengele hulia kuliko kisu chochote, na hakuna aliyewahi kuikatia nyama. Mlio hausemi kama chuma kimepikwa vizuri, yaani kimepashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu. Na yapo maneno mengine ya wanunuzi yanayopotosha vilevile.

"Kikiwa kigumu hakivunjiki."

Hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu neno "kigumu" tunalitwisha mizigo miwili. Kuna ugumu, yaani chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea. Na kuna ushupavu, yaani kustahimili kishindo bila kupasuka. Tupa ya fundi ni ngumu kuliko visu vingi, lakini ikianguka vibaya kwenye sakafu ya saruji hukatika vipande viwili. Ugumu hupimwa kwa mashine ya Rockwell, inayokandamiza ncha ya almasi kwa mzigo wa kilo 150. Kwa namba za mashine hiyo, visu vingi huwa kati ya 54 na 62. Ushupavu una kipimo chake, nyundo inayobembea na kuvunja kipande cha chuma kilichotiwa chale, kipimo chenye jina la Mfaransa Georges Charpy. Kwa hiyo muuzaji anayejisifia namba ya Rockwell amekupa nusu ya habari.

Tena sifa hizi mbili huvutana. Kisu kikitolewa motoni na kuchovywa kwenye mafuta, huwa kama kioo. Mhunzi hukirudisha kwenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi hivi au zaidi, akatoa ugumu kidogo ili apate ushupavu. Asiye na subira akiiruka hatua hiyo, anakuuzia kisu kikali sana chenye maisha mafupi.

"Kinachopinda ni bati tu."

Kupinda kwa urahisi hutegemea zaidi unene. Ukiongeza unene mara mbili, utahitaji nguvu mara nane. Chuma kilichopikwa na kisichopikwa, vikiwa na unene mmoja, hupinda sawa ukivisukuma kidogo. Tofauti utaiona ukisukuma zaidi kisha ukaachia: kilichopikwa hurudi, kisichopikwa hubaki na kibyongo. Marekani, anayetahiniwa na American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu, hukata kamba nene ya inchi moja inayoning'inia kwa pigo moja, hukatakata mbao ya inchi mbili kwa nne, kisha hunyoa nywele kwa makali yaleyale. Mwisho kisu hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Kikibaki kimepinda, si kosa, kikivunjika, amefeli. Ila usikifanyie hivyo kisu chako cha jikoni! Kile cha mtihani wahunzi wengi hukipika makusudi, mgongo laini na makali magumu.

"Kinakata msumari, basi ni chuma safi."

Msumari wa kawaida ni laini. Kisu chenye makali manene kitaukata hata kama ni cha ovyo, na kisu kizuri chenye makali membamba kitamegeka.

"Cha springi ya gari hakina mpinzani."

Springi ni chuma kizuri, sikatai. Lakini ikishapelekwa motoni ikafuliwa, upishi wa kiwandani umekwisha, na sasa unategemea mkono wa mhunzi. Isitoshe, springi iliyopigwa na mashimo ya barabarani miaka mingi huweza kuwa na nyufa usizoziona.

Hata kisu kilichopikwa vyema huharibiwa na mnoaji wa mashine. Watu hufurahia cheche. Mimi hutazama rangi: makali ya chuma cha kawaida yakigeuka buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu umepungua pale pale panapokata. Hakitavunjika, ila kitakuwa butu kabla ya wiki kuisha.

Na kabla ya kulipa, muulize mhunzi jinsi msuka, ule mkia wa kisu unaoingia kwenye mpini, ulivyo ndani. Ukiwa umekatwa kwa kona kali pale unapokutana na bapa, ufa utaanzia hapo. Kona hiyo iwe imeviringwa.