Dawa jeneriki si dawa feki

"Nipe Panadol." Muuzaji anakata pakiti ya paracetamol. Mteja anaigeuza mkononi, anairudisha: "Hii siyo. Nataka original."

Panadol ni jina la biashara. Paracetamol ndiyo dawa yenyewe. Anayegundua dawa mpya hulindwa na hataza (patent), yaani haki ya kuitengeneza na kuiuza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiambato kilekile kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo jeneriki. Rangi na umbo vyaweza kutofautiana. Bei hushuka kwa kuwa kiwanda hakirudii majaribio yote ya mwanzo. Kinatakiwa kuthibitisha kwamba dawa yake inafika kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na ile ya kwanza.

Neno "original" ndilo linalotuchanganya. Kinyume chake masikioni mwetu ni feki, na feki ni utapeli: chaki ndani ya boksi zuri. Jeneriki halali imesajiliwa, Tanzania na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Tena "original" nyingi tunazozisifia ni jeneriki zilizopewa jina la kuvutia.

Siwalaumu wanaoshuku. Dawa duni zipo sokoni, na kidonge cha bure cha zahanati hudharauliwa kwa sababu tu ni cha bure. Lakini anayesema dawa za India hazina nguvu akumbuke ARV, dawa za VVU: mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza dozi ya mwaka mzima kwa takriban dola 350, wakati zile za majina makubwa zilizidi dola 10,000. Jeneriki hizo ndizo zilizofungua njia ya matibabu kwa mamilioni ya Waafrika.

Kinachonitia hofu zaidi ni mgonjwa wa presha mwenye boksi mbili nyumbani, majina mawili, dawa moja. Anameza zote, dozi inakuwa maradufu. Jina halisi huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa. Hilo ndilo la kusoma.

Kwa dawa chache, kama za kifafa au warfarin ya kuzuia damu kuganda, hata tofauti ndogo ina uzito. Hizo usibadilishe chapa bila daktari wako kujua.