Mbwa mkubwa msumbufu hatafuti ubosi

Huku Mbeya mbwa wako mkubwa akiwa anarukia kila mgeni getini utaambiwa mlaze chini, mkandamize shingo ajue nani bosi. Hapana jamani. Hiyo stori ilianzia kwa mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa, mtafiti Rudolf Schenkel akaandika mwaka 1947 kwamba wanagombania ukubwa, ila David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu ambaye mwenyewe alikuwa ameieneza, akaisahihisha 1999: porini kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao basi.

Ukimkandamiza anaogopa, na mbwa mwenye hofu ndo anang'ata, mara nyingi mtoto.

Anaruka sababu anataka umjali, na hata ukimsukuma ushamjali. We mgeuzie mgongo, kaa kimya, miguu yote minne ikigusa chini tu mpe kidagaa hapo hapo, ukichelewa hata kidogo haunganishi kidagaa na kutulia kwake. Na wageni wafanye hivyo hivyo. Halafu mtembeze kwanza, kule Uyole pembeni ya mashamba anuse anuse weee, maana mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo tangu asubuhi ukimfungua jioni kwanini asipagawe?