Makalio mapana si njia pana: dhana potofu kuhusu nyonga na mgongo

Kaa kidogo kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, iwe Igoma au Buzuruga jijini Mwanza, utasikia nyonga za watu zikipimwa kwa macho. Mwenye makalio mapana "atateleza tu". Mwembamba, "huyo ni kisu", yaani atajifungua kwa upasuaji. Mama wakwe ndio mabingwa wa fani hii, na hawahitaji futi.

Ukweli ni kwamba kinachoonekana kwa nje ni nyama, mafuta na mabawa ya mifupa ya nyonga, na mtoto hapiti huko. Anapita kwenye duara la ndani, lenye mfupa wa kinena mbele na sakramu, mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya kitokono, nyuma. Kutoka nyuma ya kinena hadi ukingo wa juu wa sakramu ni takriban sentimita 11 kwa wanawake wengi. Mkunga hawezi kuupima umbali huo moja kwa moja. Huingiza vidole viwili, hupima kutoka ukingo wa chini wa kinena hadi kwenye sakramu, kisha hutoa sentimita 1.5 hadi 2. Vidole visipoufikia ukingo wa sakramu, kwa kawaida ni habari njema, maana nafasi ni kubwa.

Hata kipimo hicho ni mtabiri dhaifu. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina upana wa sentimita 9.5 hivi, lakini mifupa ya fuvu lake hupandana wakati wa kushuka, na kano za nyonga ya mama, zile kamba zinazoshikanisha mifupa, nazo zimelegea. Mama mwenye umbo dogo na mtoto aliyekaa vizuri hujifungua salama. Mwenye nyonga kubwa akabeba mtoto aliyegeuza uso juu anaweza kukwama. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mjamzito mwenye afya njema asipimwe nyonga kama utaratibu wa kawaida anapofika na uchungu. Kimo cha chini ya sentimita 150 kinachoangaliwa kliniki ni alama ya tahadhari, si hukumu ya kisu. Maana yake ni ajifungulie penye chumba cha upasuaji, na kwa anayeishi kwenye kisiwa chenye zahanati tu, maana yake ni avuke ziwa mapema.

"Nyonga ikishafunguka hairudi, lazima ufungwe khanga." Hapa pana nusu ya ukweli. Katika ujauzito, kiungo cha kinena, ambacho kwa kawaida kina upana wa milimita 4 hadi 5, huongezeka milimita 2 au 3. Baada ya kujifungua kano hukaza zenyewe taratibu kwa miezi kadhaa. Khanga inaweza kumpa mama nafuu anapotembea, ila mfupa hairudishi.

Sasa sindano ya ganzi, ile anayochomwa mama mgongoni kabla ya kupasuliwa, inayolaumiwa kuliko zote: "Tangu wanichome mgongoni, mgongo umekufa." Ukimtazama mtoa ganzi, utaona anaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga, kulia na kushoto, na kuvuta mstari wa kufikirika kati yake. Mstari huo hukatiza kwenye pingili, yaani mfupa wa mgongo, ya nne ya kiuno au chini yake kidogo. Kwa mtu mzima uti wenyewe, ule mkanda wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili, kwa hiyo sindano huingia chini ya mwisho wake, kwenye maji yenye nyuzi za neva zinazoelea. Mama huambiwa ajikunje ili nafasi kati ya pingili ifunguke. Sindano hupita ngozi, kano mbili zinazounganisha miiba ya pingili, kisha kano ya manjano, inayovutika kama mpira wa manati. Sindano nyingi za kazi hii zina unene wa nusu milimita hivi. Palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Mgongo wa miezi na miaka wanaupata pia waliojifungua bila sindano: wamebeba mimba, sasa wananyonyesha wakiwa wameinama na kubeba ndoo. Linalotokana na sindano kweli ni kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala. Hilo rudi hospitali, linatibika.

Makuli wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba nao wana lao: "pingili imechomoka", kisha mtu anakanyagwa mgongoni na mwenzake ili irudi. Haijachomoka. Kano ndefu zimezishika pingili mbele na nyuma. Ila ile ya nyuma ni nyembamba kiunoni, kwa hiyo diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikivimba hutokea pembeni na kubana neva iendayo mguuni. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji, na bila kukanyagwa. Asiyetakiwa kusubiri hata kesho ni yule ambaye mkojo umeanza kuziba au kumtoka bila kujua, au aliyekufa ganzi katikati ya mapaja.