Kutch, wilaya ya mpakani iliyohamwa na mto

Wageni wengi hufika Kutch, magharibi kabisa mwa India katika jimbo la Gujarat, kwa ajili ya weupe wa Rann: uwanda wa chumvi unaofurika maji ya mvua katikati ya mwaka, kisha ukakauka na kumeremeta msimu wa baridi. Unapendeza kweli, hasa usiku wa mbalamwezi. Lakini wilaya hii, kubwa kuliko zote India kwa eneo (zaidi ya kilomita za mraba 45,000), ina mji mmoja ambao kwetu sisi wa historia unastahili safari peke yake. Ni Lakhpat, kando ya hori la Kori, jirani na mpaka wa Pakistan.

Zamani tawi la mto Indus lilipita hapa. Mpunga ulilimwa, vyombo vilipakia na kupakua, ushuru ukaingia. Watawala wa Sindh, nchi jirani ambayo leo ni sehemu ya Pakistan, walikuwa wamekwisha kuyapunguza maji kwa mabwawa, na mnamo Juni 1819 tetemeko kubwa likamaliza kazi. Ardhi iliinuka ikawa tuta refu, wenyeji wakaliita Allah Bund, Tuta la Mungu, maana hakuna binadamu aliyelijenga. Ngome ya Sindri ikadidimia. Biashara ya Lakhpat ikafa, na wakazi wakaanza kuondoka. Leo ukuta wa kilomita kama 7 umezunguka magofu, familia chache na hekalu la Kalasinga linalomkumbuka Guru Nanak, mwasisi wa dini yao.

Katika mji huo alizaliwa Tharia Topan mwaka 1823. Alikwenda Zanzibar, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake, na mwaka 1887 akaanza kujenga lile jengo la roshani za mbao linaloitazama bandari, Zahanati Kongwe. Mzanzibari anayepita hapo kila siku ana sababu yake ya kuijua Lakhpat.

Njia yenyewe ilianzia Mandvi, bandari ya kusini mwa wilaya. Majahazi yalishuka na kaskazi hadi Mombasa na Zanzibar yakiwa na nguo, yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Mafundi wa Mandvi bado wanaunda vyombo vya mbao kando ya mto Rukmavati, na ukiomba kwa adabu watakuruhusu kuwatazama wakifanya kazi.

Usiache pia Dholavira, mji wa ustaarabu wa Indus wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, uliojengwa kisiwani ndani ya Rann. Wakazi wake walichonga mabirika makubwa kwenye mwamba ili kuhifadhi maji ya mvua. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2021. Huko Bhuj, makao makuu ya wilaya, jumba la Smritivan linawakumbuka waliofariki katika tetemeko la Januari 26, 2001.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Kwa Rann Nyeupe utahitaji kibali, kwa kuwa mpaka uko karibu, hivyo usisahau pasipoti.